Daftari la Juba

Niliingia Juba mwaka 2006 nikitokea Lokichogio, Kenya. Mkataba wa amani wa Sudan ulikuwa umetiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, mashirika yaliyokuwa yamekaa Loki miaka yote ya vita yakawa yanahamia kusini mwa Sudan, na sisi tuliokuwa tukiyafanyia kazi za uchapaji tukayafuata. Juba ya siku zile ilikuwa vumbi, mahema kando ya Nile na ngurumo za jenereta. Pale soko la Konyo Konyo ulilipa kwa dinari ya Sudan, shilingi ya Uganda au dola, mradi mmeelewana.

Ofisi yetu ilikuwa na laptopu moja, nayo virusi vilikuwa vimeimaliza. Rafiki yangu wa Nairobi alikuwa amenipa CD ya mfumo endeshi wa Ubuntu 6.06, zile zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta. Jina la mfumo huo lilinivuta: utu, kwa lugha za ndugu zetu wa kusini mwa Afrika. Usiku mmoja nikaipakia. Sauti ikatoka, skrini ikang'aa, ila kadi ya mtandao ikanyamaza. Tundu la kebo lilikuwa limeunguzwa na radi, kwa hiyo tegemeo letu lilikuwa kadi hiyo ya hewani tu. Majirani wenye dishi la VSAT walikwisha kutupa nywila yao, na kazi za wateja zilikuwa zinanisubiri.

Nilidhani kadi imekufa. Siku ya pili nikagundua kwamba mashine huulizwa. Niliandika lspci, ikanitajia kadi kwa jina na namba yake. Kumbe ilikuwa inaiona. Nikaandika dmesg, na katikati ya mistari mingi nikakuta lalamiko moja: faili la bcm43xx_microcode5.fw halipo. Kila inapowashwa, kadi ile ilihitaji kupakiwa programu ndogo ya kuiendesha, na leseni ya programu hiyo haikuruhusu iwekwe ndani ya CD. Watu wa kujitolea walikuwa wameandika draiva bila kupewa nyaraka za kadi, wakatengeneza na chombo cha kuikata programu hiyo kutoka kwenye draiva ya Windows. Nawaheshimu watu hao mpaka leo.

Lakini chombo chenyewe kilikuwa kwenye intaneti, na intaneti ndiyo niliyokuwa naitafuta. Basi nikanunua daftari. Nilinakili makosa kwa kalamu, nikatembea juani hadi saiba, nikasoma, nikanakili amri, nikabeba faili kwenye flashi, nikarudi. Ofisini naambiwa kuna kitu kingine kinakosekana. Narudi tena. Safari ya tatu mvua ilininyeshea, nikaficha daftari ndani ya shati.

Jioni ile faili lilikaa mahali pake. Iliyobaki ilikuwa amri moja ya kuiamsha kadi. Nikaichapa kutoka daftarini, nikajibiwa hakuna kifaa kama hicho. Nikarudia. Jibu lile lile. Nilikaa nimeshika kichwa.

Kijana aliyekuwa akitusaidia, aliyesoma kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa mtaala wa Kenya, alikuja kusimama nyuma yangu. Akatazama skrini, akatazama daftari.

"Mwalimu, hapa umechapa el. Kule juu mashine yenyewe imesema moja."

Kweli. Kifaa kiliitwa eth1, na mimi, kwa mwandiko wangu wa haraka wa saiba, nilikuwa nimeichora ile moja kama kijiti, kisha nikaisoma kama herufi. Nikasahihisha. Kitaa cha buluu ubavuni mwa laptopu kikawaka.

Tukatuma ping. Jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde, maana lilikuwa linapanda hadi setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu na kushuka, kwenda na kurudi. Kijana alihesabu majibu kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka jenereta ya majirani ikazimwa saa nne usiku.

Daftari ninalo bado. Kuanzia ukurasa ule, kila moja niliyoandika ina kofia na mguu.