Daftari la Luku la Mama

Mama yangu ana miaka 71 na hanunui umeme bila kuandika. Daftari lake limefungwa kamba, linaning'inia kwenye msumari chini ya mita: tarehe, pesa, uniti. Nilipokwenda kumsalimia Mlalo alilifungua, akaweka kidole kwenye mistari miwili. Shilingi 5,000, uniti 40.9. Chini yake: shilingi 5,000, uniti 28.6.

"Mwanangu, nani anakula umeme wangu?"

Nikamwomba simu, nikausoma ujumbe wa luku mpaka mwisho, jambo ambalo kwangu Dar es Salaam sijawahi kulifanya. Baada ya VAT, EWURA na REA kulikuwa na makato mengine ya 1,500. Hiyo ndiyo kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia luku, unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Ukipitisha miezi mitatu hujanunua, haisahau: siku utakayonunua inakata yote kwa mkupuo.

Mama alinyamaza kidogo. "Baba yako alilipa kodi ya kichwa mpaka ilipofutwa, na kila stakabadhi aliitia kwenye bahasha. Mimi nimelipa kodi bila kujua kama nimelipa?"

Neno hilo liliniuma. Kulipa kwa luku ni rahisi, nakubali, hakuna foleni wala wakala wa kukuzungusha. Lakini kodi ambayo mlipaji anaidhania ni umeme kupanda bei haijamtendea haki, hata kama ni halali. Na mama, kwa sheria, hakupaswa kuilipa kabisa: mwenye umri wa miaka 60 na zaidi anasamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Ila msamaha huo haumfuati mtu nyumbani. Anauomba.

Asubuhi tulipanda Hiace ya kwanza kwenda Lushoto. Lukozi tulisimama muda mrefu, vijana wakipandisha matenga ya karoti juu ya gari, udongo mwekundu ukiwadondokea mabegani. Kwenye msitu wa Magamba ukungu uliziba vioo. Mama akajifunika kanga ya pili, mkono mmoja umeshika mfuko wa nailoni wenye kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji na lile daftari. Hakuna aliyemwambia alibebe.

Sote wawili tulikuwa hatujawahi kuingia ofisi ya mapato. Binti wa dirishani aliinuka. "Shikamoo bibi." Mama akaitikia, akampa daftari kabla ya kitambulisho. Yule binti alilisoma kweli, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaingiza namba ya mita kwenye kompyuta. Akaniangalia mimi.

"Kaka, mita iko kwa jina la nani?"

La marehemu baba, miaka tisa sasa. Kodi inaifuata mita, na kwenye kumbukumbu zao aliyekuwa akilipa ni mtu asiyekuwepo. Barua ya mahakama ya mwanzo iliyomteua mama kusimamia mirathi ilikuwa Mlalo, ndani ya bahasha ileile ya stakabadhi za baba. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye mtoto mkubwa, nami ndiye niliyepaswa kuhamisha jina siku nyingi.

Tulirudi wiki iliyofuata na bahasha nzima. Safari hiyo sina la kuisimulia, ilikwisha kabla ya saa nne.

Mwezi ulipoandama mama alinipigia simu. Hakusalimu. Alinisomea: "Tarehe mbili. Elfu tano. Arobaini nukta tisa." Kisha akaniuliza kama mzee Shekilango wa bondeni, anayeishi peke yake na mita yake, naye anaruhusiwa kwenda na daftari.

"Hana daftari, mama."

"Nimeshamnunulia."