Noah ya Familia, Shokapu Mbili na Jeki Kwenye Mchanga

Kuna jamaa mmoja wa Mbezi, baba wa watoto watatu, ana Noah yake ya familia. Ilikuwa ikipita tuta, nyuma inadunda mara tatu nne ndo inatulia. Watoto wakawa wanahesabu kwa sauti, wanacheka. Mama yao hakucheka. Siku moja ya mvua alikanyaga breki nyuma ya bodaboda, gari ikainama puani na ikachelewa kusimama.

Shokapu zilikuwa zimelowa oili. Ukibonyeza kona ya gari kwa mikono ukaachia, inaendelea kucheza tu. Jamaa akanunua mbili mpya za nyuma, maana zinabadilishwa kwa jozi, siyo moja moja. Ila hela ya fundi akagoma kutoa. Tangu apunguzwe kazini, kila fundi anayemlipa anahisi kama anamcheka.

Jumapili akapiga jeki uani, kwenye mchanga (jamani, mchanga!), akatoa tairi, akaingia uvunguni. Mkewe akaja na swali moja.

"Baba Junior, gari imekaa kwenye jeki peke yake?"

"Dakika kumi tu, mama."

Hakubishana naye. Akabiringisha tairi la spea, akachukua na lile lililotolewa, akayalaza yote mawili chini ya ubavu wa gari. Kisha akarudi jikoni.

Nati ya chini ilikuwa imeota kutu. Jamaa akaivuta spana kwa nguvu zote. Jeki ikazama upande, ikalala. Gari ikashuka pwaa! juu ya yale matairi. Mguu wake ulikuwa chini.

Mkewe alitoka mbio, mwiko bado mkononi. Hakuna aliyeongea.

Wakaivuta gari hadi kwenye sementi ya geti, wakaazima jeki ya pili kwa jirani. Ile shokapu ya zamani ilivyotoka, ukiisukuma inazama na kubaki hukohuko. Mpya inapanda yenyewe taratibu. Nati za chini akazikaza mwisho, gari ikiwa imekaa kwenye matairi yake.

Jioni wakapita tuta. Watoto wakasema "mojaa..." wakasubiri. Kimya. Mdogo akanuna.

Za mbele zimevaa springi iliyobanwa, ikikufyatukia ni habari nyingine. Jamaa akaziangalia kwa muda, akajifuta mikono.

"Hizi tumpelekee fundi."

"Hela yake nilishaitenga toka Ijumaa," mkewe akajibu.