Sindano haichagui mwenye koti jeupe

Wadau, mimi ni mtu wa kalamu, lakini leo naomba tuongelee sindano.

Dada yangu ni muuguzi kwenye zahanati moja nje kidogo ya mji wetu wa Dodoma. Mwaka jana, akiwa zamu ya usiku peke yake, sefti boksi ikiwa imejaa mpaka juu, alijaribu kurudishia kifuniko sindano iliyotumika. Ikamchoma kidole.

Akanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukikamua. Akatoa taarifa, akapelekwa kituo cha afya, akapimwa na kuanza dawa za kinga ya VVU kabla ya saa 72 kupita. Siku 28 za kichefuchefu. Majibu yakaja salama, tukashukuru Mungu.

Nikamuuliza, na homa ya ini B je? Kimya. Hakuwahi kuchanjwa!

Sasa sikilizeni. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, hatari ni kama 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini B, kama hujachanjwa, ni 6 hadi 30 katika 100. Kinga ni dozi 3 ndani ya miezi 6. Watoto wetu wanaipata tangu 2002, anayewadunga hana!

Jamani, glavu haizuii sindano. Boksi liondolewe likifika robo tatu, mhudumu achanjwe kabla ya kuanza kazi. Dada kamaliza dozi ya tatu mwezi huu, kwa hela yake mwenyewe. Wenzake je?