Mfuko wa Mchanga

Wahenga walinena: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilisingizia risasi.

Mwaka 1989, nikiwa na umri wa miaka 19, niliingia mafunzo ya mgambo kwetu Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la saba, na vina na mizani nilikuwa nikijifunza mwenyewe kwa kusikiliza redio. Siku ya shabaha tulipewa SAR, bunduki ya risasi za milimita 7.62, tukalala kifudifudi mita 100 kutoka penye karatasi. Nilifyatua tano. Moja iligusa ukingo. Nne zilizama katika tuta la udongo. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba risasi zimelala mno ghalani na baruti yake imechoka.

Mkufunzi wetu, askari wa makamo, hakunifokea. Alijaza mchanga mifuko miwili. Mkubwa aliuweka chini ya ubao wa mbele wa bunduki, wala si chini ya mtutu, kwani mtutu hutikisika risasi inapopita, na ukiegemezwa kitu huipotosha. Mdogo aliuweka chini ya kitako, akawa akiuminya kwa mkono wa kushoto, shabaha ikipanda na kushuka kiasi cha unywele. Alishusha pumzi nusu, akaizuia, akavuta kifyatulio polepole kama avutaye uzi asitake ukatike. Baina ya risasi na risasi alingoja mtutu upoe. Risasi ya kwanza ilikwenda kushoto, naye hakubadili alama aliyoilenga. Tulipoiendea karatasi, matundu yote matano yalifunikwa na kiganja kimoja.

Niliona haya. Lakini hakuishia hapo. Alichukua risasi za kasha jingine, akazipiga juu ya mifuko ile ile, kwa pumzi ile ile; matundu yakatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

"Hizi ndizo mbovu, kijana," akasema. "Sasa nina haki ya kusema."

Kumbe mfuko wa mchanga hauitetei risasi. Huiondoa tu mikono ya mpigaji katika ushahidi.

Msomaji atauliza, mshairi ana nini na risasi? Sisi wa Dar es Salaam hatuzitaji kwa mzaha: ghala la Mbagala lililipuka tarehe 29 Aprili 2009, la Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na tulizika watu. Nazitaja kwa kuwa somo lile nilikaa nalo miaka 20, na siku nilipolihitaji sikulikumbuka.

Mwaka huo wa 2009 kijana mmoja wa Pemba, aliyepanga chumba jirani yangu, aliniletea shairi la beti saba la kumlilia mamaye. Asubuhi ile nilikuwa nimerudishiwa mswada wa tafsiri nilioutolea jasho miaka mitatu. Shairi lake nililisoma mara moja, nimesimama ndani ya daladala kutoka Mwenge, mkono mmoja umeshika bomba, wa pili ukihesabu mizani kwa vidole. Jioni nikamwambia kwamba mishororo mitano inachechemea, na arudi akishajifunza.

"Ahsante, mwalimu," akasema, karatasi akaniachia. Hakurudi.

Mwaka jana, nikipanga makaratasi, niliikuta. Safari hii niliiweka mezani, nikaisoma kwa sauti asubuhi tatu mfululizo, kabla sijagusa kazi yangu yoyote. Katika mishororo ile mitano, mitatu ilikuwa na mizani 16 kamili. Maneno kama "nchi" na "mvi", yenye mizani mbili kila moja, niliyameza nikayahesabia moja. Miwili iliyobaki inachechemea kweli, na hilo nalo lilikuwa haki yake kuambiwa, kwa upole na kwa hakika.

Chumba kile sasa kina mpangaji mwingine. Majirani wanasema kijana alirejea kwao. Iwapo kurasa hizi zitafika Wete au Chake Chake, na msomaji akamjua mtu aliyewahi kukaa Boko akamtungia mamaye beti saba, tafadhali amfikishie salamu. Shairi lake ninalo. Aliyetetemeka ni mimi.