Mama wa Nyamukubi na mto Kawa

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Saa moja ya asubuhi, siku ya Jumamosi, mama mmoja anashuka kilima cha Kadutu na gunia tupu begani. Mikono yake ameifunika kwa masashe ya plastiki na kuyafunga kwa kamba, maana glavu hakuna. Kule chini, kando ya mto Kawa, vijana wa kujitolea wamekwisha kuanza kazi. Mmoja anamwona na kuita kwa sauti: "Mama wa Nyamukubi amefika!"

Jina hilo wamempa kwa sababu ya kule alikotoka. Nyamukubi iko Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, maji yakashuka mlimani pamoja na mawe na matope, yakabeba nyumba za Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Mama huyu aliokoka na binti yake. Mume wake hakuokoka.

Baadaye vita ikamhamisha tena. Alifika Bukavu na binti na mjukuu mchanga, na jamaa za mume wakawapa chumba kimoja katika nyumba ya mbao, hatua chache kutoka Kawa. Mvua ya kwanza ilipopiga usiku, wenye nyumba walilala. Yeye alikaa mlangoni mpaka asubuhi, mtoto mgongoni, akisikiliza maji.

Kulipokucha alienda kuutazama mto. Kawa si mto mkubwa. Unashuka kati ya vilima vya mji na kuingia ziwani, na siku za jua mtoto anaweza kuuruka. Lakini alichokiona hapo kilimtia hofu kuliko mvua yenyewe: chupa, masashe, pampasi, vitambaa na mabaki ya soko vilikuwa vimejaa mtoni na kuziba njia ya maji. Kule kwao aliona namna mto unavyofanya ukikosa njia. Unatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wa mtu.

Ndiyo maana, alipoona watu wakifanya salongo mtoni Jumamosi iliyofuata, hakungoja kuitwa. Alishuka.

Siku ile ya kwanza haikuwa nzuri. Kijana mmoja alisema bila kumtazama: "Tangu wakimbizi wafike, uchafu umezidi."

Mama alinyamaza kidogo, halafu akajibu: "Mwanangu, mimi nimefika juzi. Chimba hapo chini uone kama ni wangu."

Papa anayeongoza kundi, mwalimu wa zamani, alimwambia kijana achimbe kweli. Chini ya matope walikuta masashe, chini ya masashe matope mengine, na chini yake masashe tena. Ulikuwa uchafu wa miaka mingi, tangu kabla ya familia nyingi za wakimbizi kufika. Kijana hakusema neno. Alimpa Mama jembe lake, yeye akaendelea kwa mikono.

Lakini Mama naye hakujifanya msafi. Aliwaambia kwamba wiki ile ya kwanza, usiku, alitupa pampasi za mjukuu wake mtoni, kwa sababu hakuona mahali pengine pa kuzipeleka. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Wengi wao waliwahi kufanya hivyo hivyo. Kule juu vichochoro ni vyembamba na kilima ni kikali, gari la kubeba uchafu haliwezi kupita. Mvua ikianza kunyesha, mtu anamwaga kapu lake mtoni, maji yanalibeba, na yeye anaona kazi imekwisha.

Kumbe ndipo inapoanza. Uchafu wa Kawa unaingia ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutoa maji, nao ni mto Ruzizi, unaoanza hapa hapa Bukavu na kushuka hadi ziwa Tanganyika. Karibu na mwanzo wake kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, linalotoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Chupa na masashe hukusanyika pale mbele ya mitambo, na wafanyakazi hulazimika kuyatoa, wengine wakizama majini. Mashine zikizibwa, umeme unapungua au unakatika.

Umeme huo unafika pia Goma, na kule maji ya bomba yanapandishwa kutoka ziwani kwa pampu. Pampu zikikosa umeme, bomba zinakauka. Mwanzoni mwa 2025, wakati vita ilipokata umeme Goma, watu wengi walirudi na bidoni zao kuchota maji ziwani bila dawa, na hofu ya kipindupindu ikapanda. Vita haikuletwa na masashe. Lakini familia zilizopita siku zile zinajua maana ya bomba kukauka, na kila sashe linalokwama bwawani linasogeza nyumba fulani karibu na siku kama hizo.

Kuhusu masashe yenyewe, amri ya serikali ilitoka Desemba 2017, ikakataza kuyatengeneza, kuyaingiza, kuyauza na kuyatumia katika Kongo. Sokoni bado yanafunga chumvi, sukari na maharage.

Kundi la Kawa limejifunza pia kwa makosa yake. Mwanzoni walitoa uchafu na kuupanga kwenye magunia kando ya barabara, wakiahidiwa kwamba gari litapita kuuchukua. Gari halikuja. Usiku wa nne mvua ilishuka, magunia yakapasuka, na kazi yote ikarudi mtoni. Vijana wawili waliacha siku hiyo. Mtu hawezi kuwalaumu.

Mama ndiye aliyesema: "Tunafagia chini, na juu wanamwaga. Tupande tukaongee nao." Tangu hapo Jumamosi moja wanasafisha, Jumamosi nyingine wanapanda nyumba kwa nyumba. Wanaomba kila nyumba itenge mabaki ya chakula, yaende kwenye mashimo ya mbolea au kwa wenye kufuga nguruwe. Chupa nzima zinapewa wanaozinunua kwa kutilia mafuta na maji ya kunywa. Kinachobaki ni kidogo, na kinabebwa mgongoni hadi pale gari linapoweza kufika. Kando ya mto wamepanda matete na mianzi ili udongo usishuke.

Si nyumba zote zinazokubali. Mama mmoja alimfungia mlango akisema: "Wewe si wa hapa." Alirudi wiki mbili baadaye, akakaa kwenye ngazi, akamsimulia habari ya Nyamukubi kutoka asubuhi hadi jioni ya siku ile. Hakumwomba kitu. Jumamosi iliyofuata, gunia lilikuwa limewekwa nje ya mlango ule.

Juzi mvua kubwa ilinyesha tena usiku. Mama aliamka, akachukua toshi ya simu, akatoka. Maji yalikuwa mengi, mekundu, yanakimbia. Lakini yalipita chini ya daraja dogo la mbao bila kulipanda. Alisimama pale mpaka mvua ikapungua, akarudi ndani, akalala karibu na mjukuu.

Asubuhi aliona pampasi tatu mpya zimenasa kwenye matete. Alizitoa, akatazama juu kilimani, akahesabu milango ambayo bado hajaibisha.