Kazi saba, saa sita usiku

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenibana. Leo nina kisa cha seva, na sehemu ya kosa ni yangu.

Mmoja wa wateja wetu hapa Nakuru ni chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Jina nalihifadhi. Wakulima huleta maziwa kila asubuhi, kilo zinaandikwa, na tarehe 5 ya mwezi unaofuata wanalipwa baada ya kukatwa mikopo na pesa za chakula cha mifugo. Hesabu hiyo yote hufanywa na seva usiku, watu wakiwa wamelala.

Alfajiri ya Ijumaa, 5 Januari 2024, simu ikalia. Alikuwa mhasibu: "Kijana, mashine imekwama. Orodha ya malipo haijatoka." Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Nilipoingia kwenye seva, amri moja tu ilichukua dakika nzima kujibiwa. Kumbukumbu ya RAM ilikuwa imejaa, na diski ilihangaika kuhamisha data huku na huku. Nikafungua ratiba ya cron, ile programu ambayo imekuwamo katika Unix tangu miaka ya 1970. Kazi saba, zote zimeandikwa dakika 0, saa 0! Nakala ya akiba, jumla ya kilo, makato, malipo, ripoti za mameneja... Mbili nilikuwa nimeziandika mimi mwenyewe. Kila aliyeongeza kazi aliwaza kwamba saa sita usiku seva haina shughuli.

Tena kulikuwa na kazi ya kutuma SMS, inayoanzishwa kila baada ya dakika 5. Cron haiulizi kama ya kwanza imemaliza, huangalia saa tu. Programu ileile ilikuwa imejirundika mara kadhaa.

Nikazima kila kitu, nikaanzisha hesabu ya malipo peke yake. Ikamaliza kwa dakika 40. Waliolipwa kwa M-Pesa walipata pesa jioni. Wa benki wakangoja hadi Jumatatu. Mama mmoja kutoka Njoro aliniuliza pale langoni: "Kijana yangu, mimi maziwa nilileta kila siku. Hiyo kompyuta ilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwenye mkutano, wengi walitaka seva kubwa zaidi. Lakini zile dakika 40 zilionyesha kwamba nguvu ilikuwepo. Fikiria matatu zote za steji zikitaka kutoka langoni kwa dakika moja. Kupanua lango kutasaidia kidogo, ila dawa ni foleni.

Basi tulifanya hivi. Cron sasa huanzisha kitu kimoja tu, yaani foleni, na hakuna wakati kazi zaidi ya mbili zinaendeshwa pamoja. Kazi inayotegemea nyingine huanza pale ile ya kwanza inapomaliza salama, si saa inapogonga. Kazi ya SMS hushika kufuli kwa flock, na ikikuta kufuli imeshikwa inaondoka. Ripoti zinaendeshwa kwa nice 19, ziwapishe wengine.

Kuandika programu yenyewe kulichukua siku mbili. Kazi ngumu ilikuwa kukubaliana nani atangulie. Tulipanga nakala ya akiba kwanza, kisha malipo, ripoti za mameneja mwisho. Meneja mmoja alilalamika kwamba ripoti yake itachelewa hadi saa tatu asubuhi. Mhasibu akamjibu, "Mzee, wewe utangoja kwa chai. Wao watangoja na watoto nyumbani." Hapo ndipo nilielewa kwamba hata ratiba yetu ya zamani ilikuwa imeamua nani angoje, ila hakuna aliyekaa akafikiri.

Tangu hapo orodha ya malipo haijachelewa, na seva ni ileile.

Leo kabla ya kulala, fungua crontab yako uhesabu mistari inayoanza na 0 0. Ukipata zaidi ya miwili, usisubiri tarehe 5.