Likizo ya Kwanza Chini ya Mlima Wati

Ninyi mliolelewa kambini mtanielewa bila maelezo marefu. Mtoto wa askari akiulizwa kwao ni wapi, hutaja kituo cha kazi cha baba yake. Mimi kwa miaka kumi na mitatu nilijibu "Jinja", kwa kuwa huko ndiko nilikojifunzia kusoma, ndiko nilikougulia surua, na ndiko kilikosimama kile kibanda cha bati cha mviringo tukiitacho unipoti, ambacho mchana kilitupika na usiku wa mvua kilitunyima usingizi kwa makelele. Kabla ya Jinja tulikaa Mbale, na kabla ya Mbale tulikaa Moroto, lakini ya Moroto siyakumbuki ila upepo.

Baba alistaafu katikati ya mwaka 2025, akiwa Sajini, baada ya miaka 33 ya utumishi katika polisi. Kibanda chetu kilihitajiwa na askari mwingine, kama ilivyo haki. Wazazi wangu wakapakia vitanda, masufuria na kuku saba juu ya lori, wakarudi Terego, katika West Nile, kwenye shamba la marehemu babu yangu ambalo mimi nilikuwa nimelikanyaga mara mbili tu, na mara zote mbili kwa misiba. Likizo ndefu ya mwaka huo niliimaliza Jinja kwa shangazi. Basi Desemba ilipofika, mitihani ikaisha pale Makerere, na wenzangu wakaanza kufunga masanduku kwa nyimbo kwamba wanakwenda nyumbani, mimi nilifunga langu kimya. Nilikuwa ninakwenda waliko wazazi wangu. Kwamba huko ndiko nyumbani, hilo nilikuwa bado sijakubaliana nalo.

Kutoka Kampala hadi Arua ni mwendo wa karibu kilomita 480. Basi letu liliondoka kabla ya mapambazuko, likapita Bombo, likapita Luwero ambako mananasi hupangwa kando ya barabara kama askari kwenye gwaride, kisha likaingia katika nchi kavu ya Nakasongola, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Sina mengi ya kusimulia juu ya saa hizo, kwa maana nilisinzia. Niliamka abiria walipoanza kufunga madirisha kwa haraka, na hapo nikajua tumekaribia Karuma. Nyani wa Karuma hawaombi; wanatoza.

Kwa mtu aliyekulia Jinja, Mto Nile ni jirani. Tuliuona ukitoka ziwani kwa upole, mama zetu walifua maji yake, na tulidhani tabia yake tunaijua. Pale Karuma niliuona umekuwa mtu mwingine: mweupe kwa povu, ukipiga kelele juu ya mawe. Daraja tulilopita lilijengwa mwaka 1963, na lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, magari ya kaskazini yalilazimika kuzunguka mbali sana. Karibu na hapo kuna kituo cha umeme cha megawati 600 kilichozinduliwa mwaka huohuo. Kutoka darajani tuligeuka kushoto, tukafuata ukingo wa mbuga ya Murchison Falls, na kufikia Pakwach mto ulikuwa umekwisha kupita Ziwa Albert na kutulia tena, mpana, wa kijani, wenye matete. Nilimwambia jirani yangu kitini kwamba mto huu na mimi tumesafiri njia moja. Akanijibu kwamba mto haukulipa nauli.

Pakwach kuna kizuizi cha polisi. Askari aliyeingia kukagua mizigo alikuwa kijana wa umri wangu, amechoka, na nilipomwambia, "Habari ya kazi, afande," uso wake ulifunguka, akaniuliza mzazi wangu yuko kituo gani. Hakuuliza kama ni mtoto wa askari. Salamu ilitosha kumweleza. Nilishuka upesi, nikanunua samaki aina ya angara kwa ajili ya mama, nikaketi nikiwa na furaha kwamba lugha yangu imenitangulia hadi huku.

Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni.

Terego iko ng'ambo ya Arua, na pikipiki iliyonichukua kutoka mjini iliandamana na vumbi jekundu mpaka Mlima Wati ukajitokeza mbele yetu, peke yake, kama ngamia aliyelala. Masimulizi ya Walugbara huunganisha mlima huu na Dribidu, mmoja wa mashujaa wawili wanaohesabiwa kuwa wazazi wa koo zao. Baba alinipokea njiani, jembe begani, akiwa na ile suruali yake ya kaki iliyokwisha kupauka. Nyumba zilikuwa tatu, zimeezekwa kwa nyasi, na ua umefagiliwa bila dosari. Chini ya mwembe bibi yangu alikuwa ameketi juu ya mkeka. Nilipiga magoti mbele yake, kama mama alivyonifundisha, nikasema kwa heshima yote: "Habari za siku nyingi, Bibi?"

Alinitazama kwa muda, akamtazama Baba. Kisha akainuka taratibu, akaingia ndani.

Usiku, tulipokwisha kula, Baba alinivuta kando.

"Usimhesabie ubaya, mwanangu. Kiswahili anakisikia vizuri. Hakitumii, basi."

Ndipo aliponisimulia yaliyotokea mwezi Oktoba 1980, ambayo katika miaka yangu yote ya kambini hakuwahi kuyataja. Vita vilipoingia West Nile, watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Baba alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Watu wenye bunduki walifika hapa nyumbani asubuhi, na maneno yao yalikuwa machache: simama, lala chini, leta pesa. Bibi alijifunza Kiswahili siku hiyo, chote kwa mara moja. "Babu yenu aliambiwa asimame," Baba alisema, "naye akasimama." Baada ya hapo walitembea usiku wawili hadi mpakani, na hawakurudi kwa miaka sita.

"Na ulipoingia polisi je?"

"Hakuitikia salamu yangu mwaka mzima."

"Kwa nini uliingia, Baba?"

Alifikiri. "Nilitaka kazi. Mengine niliyafikiri baadaye."

Sikulala usingizi mzuri. Ninasomea ualimu wa Kiswahili. Nimeandika insha kueleza jinsi lugha hii inavyounganisha makabila, na jinsi Katiba yetu ilivyorekebishwa mwaka 2005 ili iwe lugha rasmi ya pili, na hayo yote bado nayaamini. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba yuko mtu wa damu yangu ambaye kila neno lililonilea humkumbusha asubuhi moja.

Asubuhi nilimwomba mdogo wangu, aliye darasa la tano na ambaye kwa miezi sita tu alikuwa amekwisha kugeuka Mlugbara kamili, anifundishe salamu. "Mi ngoni?" nilimwuliza Bibi. Alinisahihisha mara nne. Kilugbara ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti, na mimi sauti yangu huenda sawa kama barabara ya lami. Kila nilipokosea, mtoto yule alianguka chini kwa kicheko, na mara ya tano Bibi naye akacheka.

Wanafunzi wengi hudhani likizo ni kulala mpaka jua liwake. Mimi nilikuta msimu wa ufuta, ambao huku huitwa simsim. Mashada yake husimamishwa juani mpaka vikonyo vyake vipasuke, kisha huinamishwa juu ya turubai na kupigwa polepole, maana ukipiga kwa hasira mbegu huruka na kupotea. Bibi alinionyesha kwa mikono. Alinionyesha pia muhogo: kuumenya, kuuloweka, kuuanika juu ya miamba, kuutwanga, na kuuchanganya na wimbi ili kupata enyasa, sima nyeusi laini ambayo kwa angara wa Pakwach inashinda chakula chochote cha bwenini. Kwa siku za kwanza mikono ilivimba. Baba, kwa upande wake, alipanda mihogo yake kwa kamba, safu zimenyooka kabisa, na majirani hupita wakizitazama na kutikisa vichwa. Lakini nao hao ndio humjia jioni wanapogombana juu ya mipaka.

Siku ya soko tulibeba ufuta pamoja. Alikuja mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mmoja wa wale wanaoishi katika makazi ya Imvepi, akanunua kikombe kimoja. Bibi alimpimia, akaongeza konzi moja, akaongeza ya pili. Yule mama alipokwisha kwenda, nilisema "Awadifo" kwa niaba yake, kwa kuwa hilo nilikuwa nimekwisha kulijua. Bibi alinipiga bega.

Krismasi ilipita kwa kanisa, mbuzi, na wageni wengi ambao wote nilitakiwa kuwaita baba.

Mafao ya Baba yalikuwa bado njiani, na ada yangu ilikuwa inakaribia. Hakuna aliyenieleza jambo hilo. Nililitambua mwenyewe asubuhi moja nilipohesabu magunia ya ufuta ghalani, nikakuta mawili hayapo, na mojawapo lilikuwa lile la Bibi, lenye kiraka cha kitambaa cha buluu. Nilimwambia Baba kwamba ninaweza kuahirisha masomo mwaka mmoja nitafute kibarua. Alinijibu kwa sauti ya zamani, ile ya paredi, kwamba shauri hilo limekwisha kufungwa.

Niliondoka Januari, alfajiri, kukiwa na ukungu wa vumbi juu ya Wati. Mama alinikumbatia, mdogo wangu akapanda mti asionekane akilia. Sikumwona Bibi. Nilipanda pikipiki, dereva akawasha, tukawa tumekwisha kufika kwenye mwembe wa mwisho, ndipo niliposikia nyuma yangu sauti ya mwanamke mzee, kali, iliyopaa juu ya kelele za injini:

"Simama!"

Dereva alikanyaga breki hata nusura tuanguke. Bibi alikuja mbio, kanga imemlegea, mkononi amebeba chungu kidogo cha ufuta uliosagwa, kimefunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa kamba. Alinipakatisha, akakaza kamba tena, akamwashiria dereva aende. Mafuta ya ufuta ule yalivuja njiani kabla ya Karuma na kulowesha daftari langu la sarufi, ambalo mpaka leo linanukia.